Hivi siku hizi kazi ya sanaa yenye roho mnaipata wapi? Naona kila kitu kimetoka kiwanda kimoja

#1 Jirani wa Ukumbi
Wakuu salama?

Mi nadai hivi, burudani ya sasa imekuwa bidhaa tu. Wimbo dakika mbili na nusu, biti ileile ya amapiano iliyonyofolewa Afrika Kusini, maneno ni baby usiniache baby nitakufa, kichupa gari la kukodi na mabinti wa kukodi, baada ya wiki mbili umekufa unakuja mwingine ambao hata aliyeimba ukimchanganyia hajui wake upi. Tamthilia nazo, mama mkwe katili, tajiri, mtoto wa nje ya ndoa, kila chaneli. Za Marekani ndo usiseme, walewale wavaa nguo za kubana wanaokoa dunia kila mwaka na dunia haiokoki.

Sisemi hakuna vipaji. Nasema mtu akitaka kitu ambacho mwenzake amekifanya kwa sababu kilikuwa kinamkaba moyoni, anakitafuta wapi? Na msinijibu "sikiliza zilipendwa", hizo ninazo. Nataka za watu walio hai. Leteni majina, leteni sehemu, na mwenye sababu kwa nini tumefika hapa alete pia.

#2 Kidume cha Mbegu
Umezeeka tu mkuu. Pole sana.

#3 mama_nassoro
Nakaa hapa na karanga zangu, uzi huu utafika mbali.

#4 Fundi Mitambo
Nipo studio miaka mingi ngoja niseme kinachotokea huku ndani maana watu mnamlaumu msanii bure. Dogo anakuja na simu, ananifungulia kipande cha sekunde kumi na tano cha mtu anacheza, anasema bro nataka kitu kama hiki, yaani hajaja na wimbo amekuja na kipande cha kuchezea. Tunaanza na hicho kipande, wimbo wenyewe unashonewa baadae kuzunguka pale. Alafu Spotify wanahesabu umesikilizwa mtu akivuka sekunde 30, sasa nani ataweka utangulizi wa gitaa wa dakika nzima wakati msikilizaji ashatelezesha kidole? Kiitikio kinapanda sekunde ya kumi. Ukiniletea wimbo wako wa moyoni wa dakika saba ntakurekodia vizuri tu ila usije kunilalamikia kwamba umesikilizwa na shemeji zako peke yao.

Kwa hiyo jibu ni malipo. Mashine inavyolipa ndivyo wimbo unavyokatwa.

#5 Mzee wa Kaseti
Fundi heshima yako, lakini hiyo sababu haisimami. Muda ulikuwa unabana tangu zamani. Santuri za 78 upande mmoja ni kama dakika tatu, basi. Zikaja zile ndogo za 45, bendi ikawa inakata wimbo katikati, upande A sehemu ya kwanza, unageuza upande B sehemu ya pili ambako ndo magitaa yanachanganya. Hao akina Mbaraka Mwinshehe waliishi humohumo kwenye kubanwa na bado ukisikiliza leo nywele zinasimama.

Tofauti ni MSHAHARA. Watoto wa leo hawajui kwamba mwanamuziki wa dansi alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz 1964 ni ya chama cha wafanyakazi, ndo baadae JUWATA, OTTU mpaka Msondo. Urafiki Jazz ni ya kiwanda cha nguo. UDA Jazz ni ya mabasi. Bima Lee ni ya shirika la bima. JKT wana Kimulimuli, polisi wana yao. Mtu vyombo vya mwajiri, mazoezi asubuhi kama anaenda ofisini, jioni ukumbini, mwisho wa mwezi anapanga foleni dirishani. Akitaka kukaa na wimbo mwezi mzima anautafutia njia ya solo anakaa, watoto wanakula. Alafu siku ya kurekodi RTD, yaani Radio Tanzania, bendi nzima inaingia inapiga kwa mkupuo, ukikosea mnarudia wote. Huyu dogo wa Fundi analipia studio kwa saa, atakaa na wimbo saa ngapi?

Ndo maana ukisikia Sina Makosa ya Simba Wanyika unajua hawa watu walikuwa wametulia.

#6 Tarehe Haidanganyi
Ni Les Wanyika mzee. Walijitoa Simba Wanyika 1978 ndo wakatoa hiyo. Na hao Wanyika walikuwa Nairobi, hakuna shirika la umma lililowalipa mshahara, walikuwa wanapiga klabu usiku wanalipwa kwa mlango. Mfano wako umejipiga teke.

#7 Mzee wa Kaseti
Mzee wa tarehe umefika, tumekwisha. Wanyika chimbuko lao ni Tanga, mimi naongelea malezi.

#8 Kidume cha Mbegu
Hahahaha "malezi". Mzee karuka ukuta.

#9 Mtoto wa Kihonda
Mnasahau upande wa pili. Bendi hizohizo za mshahara ziliimba sifa za chama na mwenge na kilimo mpaka basi, Urafiki wakaimba kuuza khanga za kiwanda chao, hilo ni tangazo tofauti yake na tangazo la sasa ni nini? Redio ilikuwa moja, kuna watu wanakaa kusikiliza maneno kabla hayajaenda hewani. Remmy Ongala kaimba Mambo kwa Soksi kuwaambia watu wavae kondomu wakati UKIMWI unamaliza mitaa, RTD hawakuupiga. Sasa huo ndo ulikuwa wimbo wa mtu aliyekabwa moyoni, na ulifungiwa na hiyohiyo enzi mnayoililia.

Mi nadhani ni chujio tu. Zile takataka za 1975 zimeshasahaulika, zimebaki nzuri, tunazilinganisha na takataka zote za wiki hii. 2060 kuna mjukuu atafungua uzi kama huu analilia amapiano.

#10 Jirani wa Ukumbi
Mtoto wa Kihonda chujio nakubali kidogo ila halinitoshi, maana hata hivyo lazima kuwe na kitu cha kuchuja. Na bado hamjanipa sehemu hata moja. Naona historia tu.

#11 Binti Mburahati
Sehemu? Panda daladala shuka Manzese jumamosi usiku fuata kelele.

Siongei kwa utani. Singeli mnayoidharau imetoka kwa watoto wasio na gitaa wala mwajiri. Kompyuta imekufa spika, programu ya bure, wanachukua kipande cha kinanda kutoka kwenye taarabu ya miaka ya nyuma wanakizungusha kasi mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika, MC anashika maiki anaghani papo hapo mambo ya mtaani, kodi, mama ntilie, nani kamwibia nani. Hajaandika, hajapangiwa. Kabla ya hapo ilikuwa mchiriku na vile vinanda vidogo vya Casio, akina Jagwa Music, damu ni ileile. Nyie mlikuwa mnaita uhuni wa vigodoro, zile ngoma za mtaani za kukesha. 2017 lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, wakakusanya kazi za pale studio ya Sisso wakatoa albamu, wazungu wakaanza kuwaita kwenye matamasha Ulaya, ndo na nyie huku mkaanza kusema utamaduni wetu.

Kwa hiyo hii habari ya kwamba kompyuta imeua roho mi siinunui. Singeli yote ni kompyuta.

#12 Tarehe Haidanganyi
Sasa hivi singeli iko kwenye kampeni za siasa na matangazo ya vifurushi. Imeshaingia kiwandani hiyo.

#13 Binti Mburahati
Iliyoingia ni ile ya kwenye matangazo. Ya kwetu ipo palepale, njoo na viatu vya kukimbilia.

#14 Kibarazani
Asalaam aleikum ndugu zangu, mie niko Mombasa. Mwasahau jambo moja, nyimbo zetu maneno yake yalikuwa yaandikwa na washairi. Juma Bhalo, Mungu amrehemu, alitutoka 2014, mengi ya aliyoimba yametungwa na Ahmad Nassir, binamu yake, mshairi hasa. Yaani aliyekuwa na uchungu ni mmoja na mwenye sauti ni mwengine, na wote wawili walijua bahari za ushairi. Kisha ikaimbwa harusini, kaseti yarekodiwa palepale na vigelegele vyake, wiki ijayo iko Mbwana Radio Service yauzwa. Hiyo nayo ilikuwa biashara! Hata Siti binti Saad 1928 alipelekwa Bombay na kampuni ya HMV wapate kuuza santuri. Biashara haikuanza jana. Kilichopungua ni mtu wa kukaa na neno. Leo mwimbaji ndiye mtungaji ndiye mnenguaji ndiye mpiga picha.

Mtu aliye hai wataka? Njoo harusi za Old Town ukae nje na wazee, usikae ndani kwenye keki.

#15 Askari wa Getini
Ngoja na mimi niweke langu. Nimeigiza bongo movie enzi za DVD, kabla na baada ya Kanumba kufariki 2012. Jina langu hapa mtaelewa nilikuwa nacheza nafasi gani.

Filamu moja ilikuwa inapigwa ndani ya wiki, nyumba moja ya kukodi Mbezi, skripti ni kikaratasi anacho dairekta peke yake anakwambia "we mwambie umemchoka, mwambie unarudi kwenu". Lazima itoke Part 1 na Part 2 maana msambazaji (simtaji) anataka DVD mbili. Kuzijaza DVD mbili ndo ile gari linapiga honi, mimi nafungua geti, linaingia taratibuuu, linapaki, stelingi anashuka, anarekebisha miwani, anapanda ngazi, anabisha hodi. Dakika nne hizo. Mlikuwa mnacheka, sisi tulikuwa tunajaza.

Sasa siku moja tuna sini ya msiba. Akaletwa mama mmoja jirani, mtu mzima, kalipwa nauli na soda aje alie nyuma. Kamera ilipowaka hakulia walivyomwambia, akaanza kuimba wimbo wa maombolezo wa kwao, kilugha, sauti ya chini kabisa, huku anakunja na kukunjua upindo wa khanga yake. Bidada aliyekuwa anacheza mfiwa akasahau mistari yake, akawa anamtazama tu yule mama. Mshika kamera alikuwa mtu wa mizaha siku nzima, hapo hata hakusogeza mguu. Dairekta hakusema kata. Tukatoka pale hakuna anayemsemesha mwenzake.

DVD imetoka nanunua naangalia, ile sini imekatwa. Msambazaji alisema ni ndefu na watu hawataelewa lugha, pale wameweka kinanda cha huzuni na bidada anatoa machozi ya matone. Ila geti langu lipo lote, dakika nne.

Ndo jibu langu kwa mleta uzi. Zinafanyika. Zinakatwa.

#16 mama_nassoro
Duh. Karanga zimenishinda.

#17 Fundi Mitambo
Ile picha halisi haipo mahali? Hata hard disk?

#18 Askari wa Getini
Hard disk zilikuwa zinafutwa ili ipigwe filamu nyingine mkuu. Tulikuwa na mbili tu.

#19 Rangi ya Baiskeli
Wakuu mimi ni mchoraji tingatinga Zanzibar, yaani mimi ndo hicho kiwanda mnachokisema, acha nijibu kutoka ndani.

Asubuhi natandika vipande vya kitambaa chini kwa mstari, zamani ilikuwa hardboard ila mtalii anataka kitu cha kukunja kiingie kwenye begi. Napiga machweo kwa sponji, njano, chungwa, nyekundu, vyote kwa mpigo, rangi ni ileile ya mafuta ya kopo. Vikikauka napita na mibuyu, vyote. Kesho twiga. Twiga wanne, tembo wawili, mmasai mmoja anaenda kusikojulikana. Kuna dogo yeye kazi yake ni madoa ya twiga tu na anajua kuliko mimi. Tukimaliza nasaini vyote na vinaenda duka moja vinatoka vinaenda Ulaya kuning'inia chooni kwa mtu.

Lakini kila picha naweka kunguru mmoja. Hawa kunguru wetu weusi wenye kola ya kijivu, wasumbufu. Wakati mwingine kakaa mgongoni kwa tembo, wakati mwingine ana kipande cha mkate, kuna mmoja nilimchora anamtazama mmasai kwa dharau. Hakuna aliyeniagiza na mwenye duka ameshaniambia niache maana "sio mnyama wa mbugani". Sijaacha. Hapo kwenye kunguru ndo natumia muda, mpaka brashi natumia nyingine nyembamba. Sasa nyie wasomi niambieni, hiyo picha ina roho au haina?

#20 Mtoto wa Kihonda
Ina roho ya kunguru 😂😂

#21 Tarehe Haidanganyi
Na tukumbuke mwenyewe Edward Said Tingatinga kaanza 1968 hivi na alikuwa anauza kwa wageni wa Oysterbay, pale Morogoro Stores. Alichora kama miaka minne tu, 1972 polisi wakampiga risasi wakidhani ni mhalifu. Wasanii wa mtindo wake wakaunda ushirika, na leo duka zima linaishi kwa jina lake. Yaani soko la watalii halikuja kuharibu tingatinga, tingatinga ilizaliwa humohumo sokoni.

#22 Jirani wa Ukumbi
Rangi mkuu nakuheshimu, ila kwangu kunguru ndo sanaa na zile twiga ni kibarua. Umenithibitishia hoja yangu, roho imebanwa kwenye kona ya picha.

#23 Rangi ya Baiskeli
Bila twiga kunguru hana pa kukaa kaka. Na kodi ya nyumba analipa twiga.

#24 Mutoto ya Kamalondo
Jambo bandugu. Mi niko Lubumbashi. Minaona munasema sana mambo ya redio na ya mishahara. Huku kwetu kuko karindula, ni banjo mukubwa sana, banatengeneza na fut ya mafuta, banafunga ngozi ya mbuzi na nyuzi ine, banapiga mu quartier, batu banacheza mu vumbi mupaka mangaribi. Hakuna patron. Na Jean-Bosco Mwenda, 1952 Hugh Tracey alimurekodi Jadotville, njo Likasi ya leo, mutu moya na gitare moya tu. Musitafute mu telefone, mutembee kidogo.

#25 Kidume cha Mbegu
Karibu ndugu wa Lubumbashi. Hiyo banjo ya pipa lazima niione.

#26 Nakuru Boy
Wasee mnaongea kuhusu Hollywood kana kwamba tunaiangalia vile ilivyo. DJ Afro je? Tulikuwa tunalipa bob kumi kwa kibanda, movie ni ya karate imetengenezwa ovyo huko ng'ambo, hakuna mtu anaijua, halafu huyu jamaa anaingia na sauti yake anatafsiri, anaongeza utani, adui anaambiwa leo utakula ugali na machozi, stelingi anapewa majina ya huku kwetu. Watu wanapiga nduru. Ile movie ilikuwa takataka kabisa, yeye ndiye aliitia roho. Kwa hivyo si lazima roho itoke kwa mwenye kazi, inaweza kuja na mtu wa katikati.

#27 Askari wa Getini
Huku kwetu kibanda umiza, ilikuwa hivyohivyo na watafsiri akina Lufufu. Kuna watu mpaka leo wakiiona ile filamu kwa Kiingereza wanasema imeharibiwa.

#28 Harusi Digito
Nitatukanwa ila acha niseme. Mimi natengeneza nyimbo za harusi na kumbukumbu kwa akili mnemba. Mteja ananitumia majina na stori kidogo, naandika maelezo, dakika chache wimbo umetoka, sauti safi, nauza. Mwezi uliopita dada mmoja aliniagiza wa marehemu baba yake, nikaweka jina la mzee na kazi yake ya udereva wa malori na kijiji chao. Alinitumia voice note analia, hawezi kuongea. Sasa nyie mnaosema mashine haina roho, yale machozi yalitoka wapi?

#29 Kibarazani
Alimlilia babake. Hakuulilia wimbo wako.

#30 Harusi Digito
Kwani Bhalo akiimba watu wanalilia nini? Si wanalilia ya kwao?

#31 Binti Mburahati
Hapa pagumu.

#32 Fundi Mitambo
Pagumu nini, huyu anatunyima kazi tu.

#33 Mzee wa Kaseti
Tofauti ipo, Bhalo alikuwa na ya kwake pia. Mashine yako haijawahi kufiwa.

#34 Harusi Digito
Mzee, msanii wa kukodi anayeimba harusi tatu kwa siku naye hajafiwa na baba wa mteja.

#35 mama_nassoro
Rudini kwenye mada jamani mleta uzi alitaka sehemu za kwenda. Tamasha la Sauti za Busara, Februari, Ngome Kongwe Zanzibar, sharti lao ni kupiga laivu hakuna kuigiza juu ya CD. Ipo tangu 2004. Tiketi kwa mkazi ni nafuu kuliko ya mgeni.

#36 Jirani wa Ukumbi
Ahsante mama, angalau umejibu swali.

#37 Bint Malindi Muscat
Assalaam alaykum. Mie ni wa Muscat, wazee wetu walitoka Unguja baada ya 1964. Huku ipo nyumba, siitaji ya nani, hukutana watu wazima usiku, mmoja ana udi, mmoja ana fidla, wanapiga za Ikhwani Safaa, yaani kikundi cha 1905 hicho, na wanapiga na zao walizotunga wenyewe kuhusu mji ambao wengine waliuwacha wakiwa wadogo kabisa. Na hairuhusiwi kurekodi. Anayekuja na simu huambiwa aiweke kwenye sinia mlangoni. Kijana mmoja alitaka kuirusha YouTube, akaambiwa "hii si yako na wala si yetu sote, ukiitaka njoo tena wiki ijayo".

Kwa hiyo kaka Jirani, huenda huzipati kwa sababu wenyewe hawataki uzipate.

#38 Tarehe Haidanganyi
Na zikifa na hao wazee? Hiyo mimi naona ni uchoyo. RTD isingerekodi tungekuwa na nini leo?

#39 Bint Malindi Muscat
Tungekuwa na waliokuwepo.

#40 Mtoto wa Kihonda
Kwa hiyo majibu mpaka sasa: mshahara, chujio, washairi, Manzese, wasambazaji, kunguru, pipa la mafuta, na sinia la simu. Mleta uzi chagua.

#41 Jirani wa Ukumbi
Nimeanza na Manzese jumamosi hii. Binti Mburahati nijibu PM nishuke kituo gani. Kuhusu chujio bado sijakubali.

#42 Kidume cha Mbegu
Rangi ya Baiskeli, picha ya kunguru peke yake bila twiga unauza bei gani? Nataka ya sebuleni.

#43 Rangi ya Baiskeli
Sijawahi kuuza ya hivyo, hebu nije PM tuelewane. Ila kunguru peke yake ni kazi ya siku mbili mkuu, sio bei ya twiga.

#44 Mzee wa Kaseti
Kabla uzi haujafungwa, nina kaseti za Marijani Rajab, yule wa dansi, boksi zima na deki imekata mkanda. Kuna fundi anayejua hizi mashine bado?

#45 Fundi Mitambo
Gerezani wapo wazee wawili watatu. Deki ni ya kaseti moja au mbili? Kama ni mbili mkanda wake ni mwembamba, asikuuzie wa redio ya gari, utaizungusha kaseti Marijani aimbe kama singeli.